Jibu: Je, safura na nyongo ni kitu kimoja?

Ndugu yangu wa Malindi, umeuliza kama safura anayoitaja nyanya yako ndiyo nyongo aliyoiandika daktari. Kwa asili, ndiyo. Safura ni neno la Kiarabu lenye maana ya manjano, na matabibu wa kale waliita hivyo nyongo ya manjano, mojawapo ya majimaji manne ya mwili pamoja na damu, belghamu na nyongo nyeusi. Kwetu pwani neno hilo likahamia kwenye ugonjwa, hasa upungufu wa damu uletwao na minyoo, na majimaji yenyewe yakabaki na jina la Kibantu, ambalo hata Wazulu wanalo: inyongo.

Nyongo hutengenezwa na ini, huwekwa katika kifuko chake, kisha humiminwa kwenye utumbo mwembamba ili iyavunje mafuta ya chakula yawe matone madogo. Apasuaye samaki hapa Lamu anaijua vyema, kwani kifuko kikitumbuka, nyama huingia ukijani na uchungu usiotoka hata kwa ndimu. Rangi yake hutokana na mabaki ya chembe nyekundu za damu zilizochakaa. Kwa hiyo njia ya nyongo ikiziba, macho huwa ya manjano, mkojo hukoza na choo hupauka. Nyanya akiwa na dalili hizo, tafadhali mpeleke hospitali bila kukawia.