Ruba kwenye kidole kilichounganishwa

Kuna wanaodai madaktari huwatumia ruba (minyoo wanaonyonya damu) ili watoe "damu chafu". Ni kweli madaktari huwatumia, ila ruba hawanyonyi "damu chafu". Kidole kilichokatika kikishaunganishwa, ateri (mishipa inayoleta damu) huingiza damu, lakini vena (mishipa inayoirudisha) ni laini mno na ni ngumu kushona, hivyo damu inakosa pa kutokea. Kidole kinavimba na kuwa cha zambarau, ukikidunga sindano inatoka damu nyeusi upesi. Hapo ndipo anawekwa ruba. Ananyonya mililita 5 hadi 15 tu, kisha anajiachia mwenyewe. Hirudini, kemikali ya kwenye mate yake, inazuia damu kuganda, kidonda kinaendelea kuvuja kwa saa kadhaa. Uvujaji huo ndio tiba hasa. Hurudiwa siku 3 hadi 7, mpaka vena mpya ziote.

Kidole kikiwa cheupe na cha baridi, shida ni ateri, ruba hasaidii, mgonjwa arudi chumba cha upasuaji haraka.

Wingi wa damu upimwe kila siku, na antibayotiki ni lazima (mara nyingi siprofloksasini), maana ruba hubeba bakteria wa Aeromonas tumboni. Tafadhali, ruba wa kuokota bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, usithubutu kumtumia. Wa tiba hufugwa maalumu, na kila mmoja ni wa mgonjwa mmoja tu.