Maswali ya Wasomaji: Nyekundu Iliyogeuka Kijani

SWALI: Nina bizimu la shaba la enzi ya Warumi, lenye umbo la S na kichwa cha mnyama kila ncha. Enameli yake (kioo cha rangi kilichoshikizwa kwenye shaba kwa moto) ni kijani kilichofifia, lakini palipobanduka pana wekundu. Je, lilitiwa rangi mara mbili? Na siki italing'arisha?

JIBU: Mara moja tu. Mabizimu ya umbo hilo ni ya kaskazini mwa Uingereza, karne ya 1 na ya 2 B.K. Nyekundu yake ni kioo chenye madini mengi ya risasi, kilichojaa chembe ndogo mno za oksidi ya shaba. Unyevu wa ardhini huzila chembe hizo kuanzia juu, na shaba yake hugeuka chumvi za kijani. Tazama ukingo wa ufa kwa lenzi ya kukuza mara 10: kijani cha uzee ni utando mwembamba, kijani cha fundi hushuka hadi chini kabisa ya kishimo kilichochongwa kwenye shaba ili kubeba enameli. Usikwangue.

Siki, hapana! Asidi hunyonya risasi ya kioo na kuacha ganda linalopukutika; tena huyeyusha kutu, ambayo mara nyingi ndiyo pekee inayoishikilia enameli. Ndimu ni yaleyale. Tumia brashi laini, kavu. Ukiona unga wa kijani hafifu unaorudi kila ukiufuta, hiyo ni kloridi (chumvi ya klorini) inayokula shaba: liweke kwenye kisanduku cha plastiki chenye jeli ya silika (chembe za kunyonya unyevu), unyevu wa hewa usizidi asilimia 40, kisha mwone mhifadhi wa mambo ya kale. Kisanduku cha mwaloni kinapendeza, ila hutoa mvuke wa asidi.

SWALI: Katika enameli za Kirumi, rangi mbili zilikaaje kishimo kimoja bila ukuta katikati?

JIBU: Fundi alipanga vipande vya kioo bega kwa bega, vingine vikiwa vimekatwa kutoka vijiti vyenye nakshi ndani, akavipasha moto hadi vikalegea na kushikana bila kutiririka. Moto ukipungua, kioo hakishiki; ukizidi, rangi huchanganyika na shaba hupinda. Nyekundu ndiyo msumbufu: ikisagwa laini na kuchomwa penye hewa tele, hugeuka kijani au nyeusi. Hivyo ililainishwa ikiwa bonge, ikakandamizwa kishimoni.

Lakini mafundi hawakuacha kabisa kutenganisha rangi kwa kuta. Bakuli lililopatikana Staffordshire mwaka 2003 lina majina ya ngome nne za Ukuta wa Hadrian, ukuta wa mpaka wa Warumi kaskazini mwa Uingereza, na kila herufi ni kishimo chake, kilichojazwa enameli ya feruzi.