Daftari la jumuiya lilivyobeba shule yetu

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: korona ilipofunga shule, ni nini hasa kiliwafikia wanafunzi wa kwenu, na shule ibaki na kipi? Nafundisha shule ya msingi ya Kikatoliki hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Uganda. Parokia ndiyo iliyoianzisha, na serikali hulipa mishahara ya wengi wetu. Kwetu kilichowafikia watoto ni jumuiya ndogondogo za Kikristo, yaani vikundi vya familia za Wakatoliki majirani wanaosali pamoja. Hizo ndizo ninazoomba shule isiziache.

Amri ya kufunga ilitoka Machi 2020, kabla hata mgonjwa wa kwanza hajatangazwa nchini. Watoto wapatao milioni 15 walirudi nyumbani tukiambiwa ni kwa mwezi mmoja hivi. Watahiniwa wa P7 (darasa la saba la msingi), S4 na S6 (kidato cha nne na cha sita) waliitwa Oktoba, madarasa mengine yakafuata kwa zamu mwaka 2021, kisha Juni tukafungwa tena. Shule zilifunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Watoto wa madarasa ya chini kabisa hawakupata hata hiyo zamu. Karibu miaka miwili mizima mtoto wa P1 alikaa bila kukanyaga darasani.

Kampala kulikuwa na shule zilizofundisha kwa Zoom. Huku wazazi wengi wana simu ya kitochi, na mwenye simu kubwa alilazimika kununua bando na bado kulipa kodi ya mitandao ya kijamii ya wakati huo, shilingi 200 kwa siku, ili afungue WhatsApp. Kituo cha taifa cha mitaala kilitayarisha masomo ya kujisomea, magazeti nayo yakayachapisha, lakini gazeti moja lilipita nyumba ngapi? Vijitabu vilivyoshuka kupitia wenyeviti wa LC, yaani serikali za mitaa, vilikuwa vichache. Redio ilisaidia wakubwa. Kwa wadogo, vipindi tulivyokuwa tukivisikia vilikuwa vya Kiingereza, na mtoto wa P2 hapa amezoea kufundishwa kwa lugha ya nyumbani. Bibi yake angemwelezaje?

Ndipo tukakumbuka daftari la jumuiya. Maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa jumuiya hizi kipaumbele tangu miaka ya 1970, na hapa zimeota mizizi. Kila moja ina mwenyekiti na katibu, na katibu ana daftari la nyumba: nani anaumwa, nani kahama, mtoto gani analelewa na shangazi. Rejista yetu ya shule ilikuwa na namba za simu, nyingi hazipatikani. Daftari la katibu lilisema "nyuma ya mashine ya kusaga, mlango wa bluu". Sala za pamoja zilikuwa zimekatazwa, kwa hiyo hakuna aliyekusanya watu. Tuliandika maswali, tukayatoa nakala ofisi ya parokia siku umeme ulipokuwapo, tukayafunga kwa bahasha. Boda boda walikatazwa kubeba abiria lakini mizigo iliruhusiwa, basi bahasha zikasafiri kama mzigo hadi kwa katibu, naye akazipeleka mlango kwa mlango, barakoa usoni.

Shule yetu ina Waislamu, Waanglikana na Walokole, na hao hawamo kwenye daftari la Wakatoliki. Makatibu waliwaandika wote, wakaanza kupita na kwao. Sikusikia hata nyumba moja iliyofunga mlango.

Lakini kupeleka karatasi ilikuwa nusu tu ya kazi. Mwanzoni tulipokea majibu, tukaweka alama, tukarudisha. Mama mmoja anayeuza mitumba akanipigia: "Mwalimu, huyu anasema kama huandiki neno kwenye karatasi yake, hafanyi nyingine." Tangu siku hiyo niliandika kila karatasi jina la mtoto, jambo moja alilolipata vizuri na swali moja la kumrudisha mezani. Ilikula usiku wangu, na ningeifanya tena. Mtoto aliye peke yake anahitaji kujua kwamba kuna mtu upande wa pili anayesoma alichoandika. Nadhani hata shule za Zoom zililijua hilo.

Kuna walioponyoka. Foleni ya malori ya madereva waliosubiri kupimwa korona mpakani ilikuwa ndefu ajabu, na wavulana waligundua kwamba dereva aliyekwama hununua chochote: maji, mahindi ya kuchoma, sigara. Mtoto aliyeonja pesa yake mwenyewe harudi kirahisi kwenye sehemu na desimali. Januari 2021 shule za Kenya zilifunguliwa, na watoto wetu wakawatazama wenzao wa ng'ambo ya mpaka wakipita na sare. Wazazi wenye ndugu kule walivusha watoto wao. Walimu waliolipwa kwa michango ya wazazi hawakupata kitu muda wote huo, na jumuiya ziliwachangia maharage na unga, japo hazikuwa na ziada.

Linalonikaa moyoni zaidi ni wasichana. Katibu wa jumuiya, mama wa watu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua bahasha ya fulani hairudi kwa sababu fulani ana mimba. Serikali ilipoagiza mwanzoni mwa 2022 kwamba wajawazito na wanaonyonyesha wapokewe, mjadala ulikuwa mkali, hata miongoni mwa watu wa Kanisa. Msimamo wangu ni kwamba shule inayofundisha watoto kumsalimu Mama Maria kila asubuhi haina haki ya kumfungia lango msichana aliyebeba mtoto. Kwetu walirudi wachache, na waliorudi waliletwa na katibu mwenyewe, akiwashika mkono mbele ya wenzao. Wengine tayari walikuwa wameolewa, na hakuna karatasi ingewarudisha.

Novemba 2022 shule zilifungwa wiki mbili kabla ya wakati kwa sababu ya Ebola. Sisi tulikuwa na madaftari tayari, na kila mtoto aliondoka akijua bahasha itapitia kwa nani. Tangu hapo nimeona uzembe. Makatibu wapya hawajui kwamba watoto wa shule ni sehemu ya kazi yao, na majina ya watoto wasio Wakatoliki yameanza kuachwa. Ninaomba kamati ya shule na baraza la parokia wakae pamoja mwanzo wa kila muhula, waite makatibu wote, waandike upya kila nyumba yenye mwanafunzi, na mwalimu mmoja apewe jukumu la kulitunza daftari hilo.