Rebel 250 inagota kwenye 115: usikimbilie kutoboa ekzosi

SWALI: Nina Honda Rebel 250 ya kabureta, pikipiki yangu ya kwanza. Nikiwa gia ya tano na resi yote, inagota kilomita 115 kwa saa. Fundi ananishauri nitoe filta ya hewa, nitoboe ekzosi na niweke sproketi (gurudumu la meno linalozungusha cheni) ya mbele ya meno 15 badala ya 14, eti itafika 150. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, ndugu msomaji, na tafadhali usimwachie pikipiki.

Injini hiyo ni ya cc 234, na nguvu farasi zake ni kumi na kadhaa tu. Ikiwa nzima, barabara tambarare na bila abiria, inaweza kufika 125 hivi. Hapo upepo ndio unaoikaba. Kwenye kruza, pikipiki ya kiti cha chini kama hii yako, unakaa wima, kifua wazi, na kutoka 120 kwenda 140 injini inatakiwa kuongeza karibu asilimia 60 ya nguvu ili kuikata hewa tu. Nguvu hizo hazimo ndani ya ekzosi.

Habari ya sproketi ndiyo inayouzwa kila siku, na inaudhi kwa sababu inafanana na ukweli. Meno 15 yanapunguza mizunguko ya injini kwa karibu asilimia 7 katika mwendo uleule, lakini msukumo kwenye gurudumu la nyuma nao unapungua kiasi hichohicho. Injini iliyokwisha kushindwa na upepo utaipunguzia msukumo halafu iongeze mbio? Mara nyingi gia ya tano huishia kuzidiwa na ya nne. Ukiiweka ili injini itulie unapotembea 90 katika safari ndefu, sawa. Mbio hupati.

Kutoa filta ni hatari zaidi. Kabureta hii hupandisha pistoni yake kwa tofauti ya mgandamizo wa hewa, na imepangwa pamoja na boksi la filta. Ukilitoa, hewa inazidi petroli, mchanganyiko unakuwa mwepesi na moto wa ndani unapanda. Plagi itakuwa nyeupe kama chokaa. Ukiendelea kuvuta resi yote, pistoni ya injini inayeyuka au inakwama, na vumbi nalo linakwangua silinda. Kutoboa ekzosi kunaongeza kelele, na watu wanadhani kelele ni mwendo.

Kwa hiyo swali lako halisi ni kwa nini 115 badala ya 125. Kwanza pima kwa GPS, kwenda na kurudi kwenye kipande kilekile cha barabara, kisha chukua wastani. Spidomita nyingi husoma juu ya mwendo halisi. Halafu mtu avute resi mpaka mwisho injini ikiwa imezimwa, nawe uangalie kwenye kabureta kama kipepeo, kile kibati kinachopitisha hewa, kinafunguka chote. Waya uliolegea unakunyima sehemu ya mwisho. Inua gurudumu la nyuma, ulizungushe kwa mkono: likikwama, breki ya ngoma imekazwa mno au cheni haina mlegeo. Mlegeo uwe milimita 20 hadi 30. Mizunguko ikipanda bila mwendo kuongezeka, klachi inateleza.

Kama yote hayo ni sawa, fungua kifuniko cha juu cha kabureta, toa ile raba nyembamba inayoinua pistoni ya kabureta na uitazame dhidi ya mwanga. Tundu dogo kama la sindano linatosha kuifanya pikipiki iende vizuri resi ikiwa nusu na kukosa nguvu ikiwa yote. Pima pia tapeti, yaani nafasi ya vali, injini ikiwa baridi kabisa, kwa vipimo vya kitabu cha pikipiki.

Wanaouza dawa za kumimina kwenye tangi na sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta wapuuzeni. Hakuna mojawapo inayogusa upepo. Na ukiwa 150, kusimama kunahitaji umbali zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa 120, kwa diski moja mbele na ngoma nyuma.

Kama tayari umetolewa filta, irudishe pamoja na jeti (kitundu cha kupitishia petroli kwenye kabureta) ya saizi ya kiwandani, weka plagi mpya, tembea kilomita chache kisha ichomoe. Ikiwa ya kahawia, endelea. Ikiwa bado nyeupe, usivute resi yote mpaka umepata hewa ya ziada inakoingilia. Anza na raba iliyo kati ya kabureta na injini.