Maswali na majibu: Siku ya bia na wiski mjini Dublin

Safari hii maswali mengi yaliyotufikia yanahusu jambo moja: ziara za viwanda vya bia na wiski mjini Dublin, Ireland. Tumechagua yale yanayogusa wengi.

Nina siku moja tu Dublin. Nianze na Guinness au na wiski? (Msomaji wa Nairobi)

Anza na wiski, asubuhi. Wiski huonjwa kwa pua kabla ya ulimi, na pua huchoka upesi. Ukishamaliza painti ya bia nyeusi, uchungu wa shayiri iliyokaangwa unabaki kinywani na wiski zote zitakuwa na ladha moja. Kata tiketi ya ziara ya wiski ya saa nne au saa tano asubuhi, kula mchana ushibe, kisha nenda Guinness Storehouse, jumba la wageni la bia ya Guinness, alasiri. Ziara ya wiski ni kama saa moja pamoja na mwongozaji. Storehouse tenga saa mbili, maana ni ghorofa saba na sehemu kubwa unazunguka mwenyewe.

Teeling, kiwanda cha wiski, iko Newmarket, katika mtaa wa Liberties. Kutoka hapo hadi Storehouse ni dakika 15 hadi 20 kwa miguu. Jameson ya Bow Street, nayo ya wiski, iko ng'ambo ya mto Liffey. Ukitoka huko panda tramu ya Luas, laini nyekundu, kituo cha Smithfield, ushuke James's, kituo cha tatu, kisha utembee kama dakika kumi. Fika robo saa kabla. Kundi lenye mwongozaji huondoka kwa wakati, na aliyechelewa hukosa maelezo ya mwanzo, ambayo ndiyo msingi wa mengine yote.

Usipange viwanda vitatu kwa siku moja. Ireland huhesabu kipimo kimoja cha kileo kuwa gramu 10 za pombe tupu, na mwili huondoa takriban kipimo kimoja kwa saa. Painti moja ya Guinness, mililita 568 zenye asilimia 4.2, ina karibu gramu 19. Toti moja ya wiski ya baa, mililita 35.5, ina gramu 11. Ongeza vionjo vya kiwanda cha tatu, utakuwa umelipa pesa kusikiliza mtu ambaye humwelewi. Gari liache hotelini: kikomo cha dereva wa kawaida ni miligramu 50 za pombe kwa mililita 100 za damu, na kwa mwenye leseni mpya au dereva wa kazi ni 20.

Guinness inapikwa mbele ya macho yako? (Msomaji wa Kampala)

Hapana, na ni vizuri ulijue hilo kabla ya kulipa. Storehouse ni jumba la maonyesho. Lilijengwa 1904 kwa ajili ya kuchachusha bia, likafunguliwa kwa wageni mwaka 2000. Bia yenyewe hupikwa jirani, ndani ya uzio uleule wa St James's Gate, ambako tiketi yako haikufikishi. Utaona vifaa, matangazo ya zamani, na mkataba wa 1759 ambao Arthur Guinness alikodi eneo hilo kwa miaka 9,000, pauni 45 kwa mwaka. Juu kabisa kuna baa ya vioo pande zote unakotazama mji mzima.

Jameson ya Bow Street nayo ni hivyo hivyo. Kiwanda kilianza 1780, uzalishaji pale ukasimama 1971, na tangu 1975 wiski hiyo hutengenezwa Midleton, kaunti ya Cork. Mwongozaji wa Bow Street ni hodari wa kuonjesha, lakini mtambo unaochemka hutauona.

Anayetaka kuona moto na mvuke aende Teeling. Ilifunguliwa 2015, ikiwa kiwanda kipya cha kwanza cha wiski mjini humo kwa zaidi ya miaka 125. Mitambo yake mitatu ya shaba ilitengenezwa Italia, na unapita karibu nayo kiasi cha kuhisi joto usoni. Kwa maoni yetu, mwenye pesa ya ziara moja tu aitumie hapo.

Mimi ni wa Moshi, nimekulia kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Mwongozaji anaeleza haraka mno. Nitazame nini? (Msomaji aliyeko Cork)

Wewe unalijua somo hili kuliko wengi watakaokuwa kwenye kundi lako. Kimea cha shayiri ni ndugu wa kimea cha ulezi. Nafaka hulowekwa, huachwa ichipue, kisha hukaushwa kabla mche haujala wanga wote. Ndani yake kuna vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na hivyo haviwezi joto kali.

Hapo ndipo pa kwanza pa kutazama: tangi la kuchanganyia kimea na maji ya moto. Uliza nyuzijoto. Jibu litakuwa karibu 63 hadi 65. Mama anayepika togwa anaujua mpaka huo bila kipimajoto: ukitia kimea kwenye uji unaochemka, togwa haipati utamu ng'o, kwa sababu vimeng'enya vimekufa. Uji ukipoa mno, kazi inakwenda polepole na uchachu unatangulia utamu. Kiwandani kosa ni lilelile, ila huharibu maelfu ya lita kwa mara moja. Machicha yanayobaki huwa chakula cha ng'ombe, kama kwetu.

Pa pili ni tangi la kuchachushia. Hamira hutiwa maji yale matamu yakishapozwa, kisha huachwa siku tatu hadi tano. Mwongozaji akifungua kifuniko, utaona povu la rangi ya chai ya maziwa likipanda na kupasuka, na utasikia harufu ya ndizi mbivu. Usiinamishe kichwa ndani. Hewa ya ukaa hukaa juu ya povu na hupiga pua kama pilipili. Ukiivuta kwa nguvu unapata kizunguzungu, na ndani ya tangi huua mtu kimyakimya.

Kuna tofauti mbili na mbege. Uchungu wa bia hutoka kwenye maua ya hopsi, ambayo hufanya kazi ya gome la msesewe na pia huzuia bia kuharibika. Nao weusi wa Guinness hutokana na shayiri isiyochipuliwa, inayokaangwa kama kahawa hadi nyuzijoto 232. Inua glasi kwenye mwanga: ile si nyeusi, ni nyekundu iliyoiva.

Wiski na gongo zina tofauti gani, ikiwa zote ni mvuke uliopozwa? (Msomaji wa Dar es Salaam)

Kanuni ni moja. Pombe huanza kuchemka kwenye nyuzijoto 78, kabla ya maji, kwa hiyo mvuke wa mwanzo huwa na pombe nyingi kuliko kilichobaki chunguni. Kazi hiyo vitabu huiita kukeneka. Tofauti iko kwenye mambo manne.

La kwanza ni shaba. Mvuke wa nafaka iliyochacha hubeba harufu ya salfa, ile ya mayai viza, na shaba huinasa. Pipa la chuma haliwezi hilo. Ndiyo maana mitambo ina shingo ndefu: mvuke uguse shaba muda mrefu.

La pili ni idadi ya mizunguko. Wiski nyingi za Dublin hupikwa mara tatu. Kinachoingia mtambo wa kwanza kina nguvu kama ya bia, asilimia 8 hadi 10. Kinachotoka wa tatu huzidi asilimia 80. Kila mzunguko huondoa mafuta na uzito, na ulaini unaosifiwa wa wiski ya Ireland hutoka hapo.

La tatu, na kubwa, ni kugawa. Yanayotoka mwanzo yana harufu kali ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Ya mwisho yananuka nguo mbichi zilizokaa ndani ya ndoo. Mpishi huchukua ya kati tu. Yale mengine hurudishwa kupikwa tena. Mpishi wa gongo mwenye haraka huuza yote, kwani kila glasi ni pesa. Lakini wasomaji wasichanganye hili na methanoli. Vifo vya Kenya vya Mei 2014 vilitokana na pombe iliyotiwa methanoli, na sumu hiyo haina ladha ya kukuonya. Pombe isiyojulikana ilikotoka usiiguse, hata ikinukia vizuri.

La nne ni muda. Sheria ya Ireland inataka miaka mitatu au zaidi ndani ya pipa la mbao lisilozidi lita 700, na nguvu isiyopungua asilimia 40 kwenye chupa. Kila mwaka kama asilimia 2 huvuka kupitia mbao. Wao husema ni fungu la malaika. Pipa la lita 200 likikaa miaka mitano limeshapoteza karibu lita 19. Ukiingia ghalani vuta pumzi: harufu ile tamu ni wiski inayokwenda zake.

Liberties wana sababu ya kuheshimu kitu hiki. Juni 1875 ghala liliungua hapo, wiski ikatiririka barabarani, watu wakaikinga kwa kofia na viatu. Watu 13 walikufa, na hakuna aliyeuawa na moto. Wote waliuawa na walichokunywa.

Kila nikionja wiski koo linaungua na siambulii ladha yoyote. Nakosea wapi? (Msomaji wa Mombasa)

Unaichukua kwa mkupuo, kama dawa. Shika glasi chini ya kidevu kwanza, mdomo wazi kidogo, uvute kwa pua na mdomo pamoja. Ukizamisha pua ndani, pombe huitia ganzi. Kisha chukua kiasi cha kijiko cha chai, kizungushe kinywani kwa sekunde tano au zaidi ndipo umeze. Funda la kwanza ni la kuzoesha ulimi, usilipe alama. La pili ndilo la kuhukumu.

Halafu omba maji. Tia matone machache, onja, ongeza. Wiski ya asilimia 46 hufunguka kwa maji: tunda na vanila hujitokeza, ukali hushuka. Hakuna mwongozaji anayejua kazi yake atakayekucheka. Barafu iache, kwani baridi hufunga harufu zote.

Kwa nini wanachukua karibu dakika mbili kumimina glasi moja ya Guinness? (Msomaji wa Arusha)

Kwa sababu ya gesi. Bia nyingi zina hewa ya ukaa tu. Hii ya bomba husukumwa kwa mchanganyiko ambao kama robo tatu ni naitrojeni, na naitrojeni haiyeyuki sana ndani ya bia. Hutoka kwa viputo vidogo mno vinavyofanya povu zito kama mtindi.

Ukipewa nafasi ya kumimina mwenyewe, inamisha glasi safi na kavu nyuzi 45, vuta mpini kuelekea kwako, jaza robo tatu, uiache. Viputo vilivyo kando ya kioo vitaonekana vikishuka. Ni kweli vinashuka: katikati bia inapanda na povu, pembeni inarudi chini na kuviburuta. Vikitulia na weusi ukajitenga, sukuma mpini upande wa pili, mimina polepole hadi povu livimbe juu kidogo ya ukingo. Kampuni inahesabu sekunde 119.5.

Povu likikatika upesi, mara nyingi glasi ina mafuta, hata ya rangi ya midomo. Likiwa na mapovu makubwa, umejaza bila kungoja. Na ukinywa, inua glasi vizuri uifikie bia chini ya povu. Anayelamba povu tu hupata uchungu mtupu.

Situmii pombe kwa sababu ya dini. Wenzangu wa kazini wanaenda na wamenialika. Nifanye nini huko? (Msomaji wa Birmingham)

Uamuzi wa kuingia ni wako na dhamiri yako. Upande wa utaratibu, Storehouse unaweza kudai soda badala ya painti, na hakuna atakayeuliza sababu. Jihadhari na Guinness 0.0: ni bia iliyotolewa pombe, na kwa wengi hilo pekee linatosha kuiacha. Kwenye wiski hali ni ngumu zaidi, maana nusu ya ziara ni kuonja. Tukiwa wewe tungekwenda Storehouse, tungewaacha wenzetu kwenye wiski, tukakutana nao chakula cha jioni.

Ni kweli Guinness husafishwa kwa samaki? (Msomaji wa Mwanza, asiyekula nyama)

Ilikuwa kweli. Utomvu wa bondo, yaani mfuko wa hewa wa samaki, kiungo cha aina ileile na mabondo ya sangara yanayouzwa kwenu, ulitumika kuteremsha hamira chini ili bia ing'ae. Mwaka 2015 kampuni ilitangaza kuuacha, ikahamia kwenye kuchuja.

Nina viza ya Schengen. Inatosha kuingia Dublin? (Msomaji aliyeko Brussels)

Haitoshi. Ireland haimo Schengen. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Ireland yenyewe, na ya Uingereza nayo haiingizi. Kuvuka kwa basi kutoka Belfast hakubadilishi kitu, ingawa mpakani huoni kizuizi.

Naweza kurudi na chupa ngapi? (Msomaji wa Zanzibar)

Ndege inaruhusu hadi lita 5 kwa mtu kwa kinywaji cha asilimia 24 hadi 70, kikiwa kimefungwa kama kilivyotoka dukani. Kinachozidi asilimia 70 hakipandi kabisa. Forodha za Afrika Mashariki husamehe lita moja ya pombe kali kwa mwenye miaka 18 na zaidi. Inayozidi itangaze ulipie. Zungushia kila chupa sweta, iweke katikati ya sanduku la mizigo, si pembeni, na shingo uifunge kwa mfuko wa plastiki. Ukitaka kushuka Kuwait njiani hata kwa siku moja, usibebe hata chupa ndogo ya zawadi, kwani huko kuingiza pombe ni kosa.