MS baada ya kujifungua: dawa au kunyonyesha?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina mimba ya wiki 30, na huu ni mwaka wa nne naishi na multipo sklerosisi (MS). Mwaka uliotangulia mimba nilipata mashambulizi mawili. Nilikuwa najidunga glatirama, dawa ya kupunguza mashambulizi, nikaacha. Sasa nina nafuu kuliko wakati wowote, ila naambiwa ugonjwa utanirudia nikijifungua. Je, nitaweza kunyonyesha?

JIBU: Marahaba. Kwa msomaji mgeni: katika MS, kinga ya mwili huharibu utando wa neva za ubongo na uti wa mgongo, na shambulio ni kipindi ambacho dalili mpya huibuka au za zamani huzidi. Nafuu hiyo ni ya kweli. Hofu nayo ina msingi, ingawa hutiwa chumvi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulifuatilia wanawake 254 katika nchi 12 za Ulaya. Wastani wa mashambulizi kwa mwanamke mmoja ulikuwa 0.7 kwa mwaka kabla ya mimba. Ulishuka hadi 0.2 katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, kisha ukaruka hadi 1.2 katika miezi mitatu ya kwanza baada ya kujifungua (vyote kwa hesabu ya mwaka). Lakini 72 kati ya kila 100 hawakushambuliwa kabisa katika miezi hiyo. Walio hatarini zaidi ni wale ambao ugonjwa ulichachamaa kabla ya mimba, kama wewe.

Kwa hiyo mpango upangwe sasa, na daktari wa mishipa ya fahamu akae pamoja na mkunga. Kunyonyesha maziwa yako pekee kwa angalau miezi miwili kumehusishwa na mashambulizi machache. Ukichanganya na ya kopo, faida hiyo hufifia. Hata hivyo, kwa ugonjwa uliokuwa mkali, maziwa peke yake si kinga ya kutegemea.

Habari njema ni kwamba hulazimiki kuchagua. Glatirama na interferoni beta zina molekuli kubwa. Kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo mno, na tumbo la mtoto hukimeng'enya. Kosa tunaloliona ni kungoja miezi mitatu ndipo urudie sindano. Dawa hizi huchukua wiki nyingi kushika, hivyo anza siku chache baada ya kujifungua. (Glatirama hata katika ujauzito huweza kuendelea. Muulize daktari wako sasa hivi.) Akiona unahitaji dawa kali zaidi, natalizumabu na okrelizumabu nazo hupita kidogo sana kwenye maziwa. Vidonge vya fingolimodi, siponimodi, teriflunomidi na kladribini haviendi na kunyonyesha.

Sindano ya ganzi ya mgongoni haiongezi mashambulizi, wala upasuaji hauongezi. Usikubali kunyimwa ganzi kwa sababu ya MS.

SWALI: Mke wangu ana MS na amejifungua wiki tano zilizopita. Tangu jana miguu imekuwa mizito, titi moja limevimba na ana homa. Ni shambulio?

JIBU: Yawezekana sana si shambulio. Neva iliyopoteza utando wake hushindwa kupitisha ujumbe vizuri mwili unapopata joto, hata likipanda kidogo tu, na dalili za zamani huamka. Titi litibiwe leo, aendelee kunyonyesha au kukamua, na mkojo upimwe, kwani kwa mwenye MS maambukizi ya njia ya mkojo huweza kukosa maumivu. Homa ikishuka, miguu nayo hurudi.

Shambulio la kweli ni dalili mpya, au ya zamani iliyozidi, inayodumu zaidi ya saa 24 bila homa wala maambukizi. Hapo hutolewa methiliprednisoloni (dawa ya steroidi) gramu 1 kwa dripu kila siku, siku 3 hadi 5. Ikitolewa wakati usaha uko kwenye titi, maambukizi huweza kusambaa; ndiyo maana tunasisitiza kupima kwanza. Dawa hiyo hufupisha shambulio lililopo tu, haizuii linalofuata. Anaweza kunyonyesha, akitaka mtoto apate kidogo zaidi, asubiri saa 2 hadi 4 baada ya dripu.

Jicho likififia na kuuma akiligeuza, au mkojo ukigoma kutoka, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.