Uhandisi wa kasoro au uhandisi wenye kasoro?

Swali: Mwalimu wa kemia wa Kasese, magharibi mwa Uganda, anaandaa somo la Kiswahili kuhusu elektrodi (sehemu ambamo umeme huingilia na kutokea) za oksaidi za metali, yaani metali iliyoungana na oksijeni, katika betri za lithiamu. Ameandika "uhandisi wa kasoro", yaani kuunda kwa makusudi mapengo madogo katika mpangilio wa atomu ili kitu kifanye kazi vizuri zaidi, lakini mwenzake anasema maneno hayo yanaashiria kazi mbovu, afadhali "dosari". Nani yuko sahihi?

Jibu: Mwalimu, usiliache neno lako. Swali hili limetoka mahali pake hasa, kwa kuwa Kasese ndiko kobalti, metali ya elektrodi hizohizo, ilikowahi kuchenjuliwa kutoka mabaki ya mgodi wa Kilembe.

Kasoro ni upungufu kabla ya kuwa ubovu. Tusemapo "saa tatu kasorobo" hatuilaumu saa; twasema robo bado haijatimia. Kemia inautaka upungufu huohuo. Oksaidi ya titaniamu, TiO2, ni unga mweupe. Ikipashwa moto mkali ndani ya gesi ya haidrojeni hupoteza baadhi ya atomu zake za oksijeni, rangi ikageuka buluu hata nyeusi, na kila atomu iliyotoka huacha pengo pamoja na elektroni mbili, ambazo huwezesha umeme kupita vizuri zaidi katika kitu ambacho kwa kawaida huupitisha kwa shida. Pengo hilo liite "pengo la oksijeni", nalo ni aina mojawapo ya kasoro.

Dosari ni doa katika sura au sifa ya kitu, kwa hiyo haifai hapa. Hitilafu iachie betri inayogoma kuchaji.

Hata hivyo, hofu ya mwenzako si ya bure. Kihusishi "wa" hutaja kinachoshughulikiwa, kama katika "uhandisi wa maji", ilhali "-enye" hutaja sifa. Ukiandika "elektrodi zenye kasoro" bila kuongeza "zilizoundwa kwa makusudi", msomaji atadhani ni za kutupwa. Epuka pia "kutia kasoro", maana masikioni mwa wengi huko ni kuharibu. Andika "kuunda kasoro".

Tena usiwafiche wanafunzi kwamba zipo kasoro zenye madhara: katika oksaidi za matabaka zenye nikeli nyingi, baadhi ya ioni (atomu zenye chaji) za nikeli huhamia nafasi za lithiamu na kuizuia kupita. Hizo nazo ni kasoro, ila hapo usiongeze "kwa makusudi".